MAVUNO YA MARA MOJA, CHAKULA CHA MIEZI KUMI NA MIWILI

Mashauri kwa wakulima wa Mpanda na Katavi yote juu ya matumizi mema ya nyumbani

Kila mkulima wa Katavi ajua ya kuwa nchi yetu hupata mvua kwa msimu mmoja tu. Mvua huanza karibu na mwezi wa Novemba, na ifikapo mwisho wa Aprili hukoma. Tangu Karema na Ikola kando ya Ziwa Tanganyika mpaka Inyonga, na tangu Mishamo mpaka Mpimbwe katika bonde la Rukwa, mambo ni hayo hayo. Mahindi, mpunga, karanga, ufuta na tumbaku huja kwa msimu mmoja, na fedha zake huja kwa msimu mmoja. Lakini tumbo halina msimu.

Mtu wa mshahara hupokea mara kumi na mbili kwa mwaka. Akitumia vibaya mwezi huu, aweza kujirekebisha mwezi ujao. Mkulima hupokea mara moja. Akikosea mwezi wa Juni, kosa lile atalila mwezi wa Februari. Kwa sababu hii matumizi mema ni kazi ya shamba kama ilivyo kazi ya kupalilia, na mashauri haya yaeleza jinsi ya kuifanya.

1. Njaa ya katikati ya mavuno mema

Watu wengi hudhani ya kwamba njaa huletwa na ukame tu. Si kweli. Nyumba nyingi zilizovuna vizuri huona njaa miezi ya Januari, Februari na Machi, nayo ndiyo miezi ya kupalilia, ambapo mwili wataka chakula kingi kuliko wakati wote.

Mambo yenyewe huenda hivi. Mwezi wa Juni ghala imejaa, na kila mtu mkarimu. Kuna harusi, kuna ngoma, kuna pombe, na mnunuzi yuko mlangoni na magunia yake. Mahindi huuzwa kwa bei ndogo, kwa maana kila mtu auza siku zile zile. Mwezi wa Desemba ghala yapwaya. Mwezi wa Januari baba wa nyumba aenda kununua mahindi kwa debe, kwa bei kubwa, pengine kwa mtu yule yule aliyemwuzia. Akikosa fedha, huenda kufanya kibarua katika shamba la jirani ili apate unga, na shamba lake mwenyewe huliwa na magugu. Au huuza mahindi yake yangali mabichi shambani kwa mtu wa fedha, kwa bei aitakayo mnunuzi. Desturi hii haiko kwetu tu. Kagera watu waliokuwa wakiuza kahawa yao ingali mtini waliiita butura, na kusini, Mtwara na Lindi, biashara kama hiyo ya korosho huitwa kangomba. Majina ni mbalimbali, lakini mwisho wake ni mmoja: mkulima huanza msimu mpya akiwa na deni la msimu uliopita.

Mlango wa kutokea ni kuyahesabu mavuno kabla ya kuyagusa.

2. Kwanza pima debe

Hesabu hii haitaki elimu nyingi. Chukua debe moja la mahindi yaliyopukuchuliwa, lisage, na unga wake uupike kama mlivyozoea, bila kujinyima na bila kufuja. Hesabu siku ambazo debe lile limewalisha watu wote wa nyumbani. Hicho ndicho kipimo cha nyumba yako, wala usiazime kipimo cha jirani, kwani hamlingani watu wala watoto.

Tuchukue mfano. Nyumba ina watu sita, na debe moja lawatosha siku saba. Mwaka una majuma 52, basi nyumba hii yahitaji madebe 52. Debe la mahindi lina uzito wa kilo 18 hivi, kwa hiyo madebe 52 ni kilo 936. Ongeza madebe matatu na nusu kwa ajili ya wageni, misiba na mambo yasiyotazamiwa, na jumla yake huwa karibu na kilo 1,000, yaani magunia kumi ya kilo 100.

Magunia hayo kumi si mali ya kuuza. Ni chakula. Baba na mama wa nyumba wakae pamoja, wakubaliane juu ya hesabu hii kabla gunia la kwanza halijatoka nyumbani. Yafaa mama asikilizwe sana, maana yeye ndiye atiaye mkono ghalani kila siku, naye ajua kwisha kwake kabla ya mtu mwingine. Kinachozidi hesabu ndicho ziada, na ziada ndiyo ya soko.

3. Hasara ya kuuza na kununua tena

Watu wengine husema, "Nitauza sasa nipate fedha, nami nitanunua chakula baadaye." Na tulitazame neno hili kwa hesabu. Bei tutakazotaja ni za mfano tu, kila mtu aweke bei za soko lake.

Tuseme mkulima auza magunia matatu ya chakula mwezi wa Juni, kila gunia kwa shilingi 45,000. Apata shilingi 135,000. Mwezi wa Februari gunia limefika shilingi 90,000. Hata kama alizihifadhi fedha zake zote asitumie senti, zitamnunulia gunia moja na nusu. Gunia moja na nusu limepotea, nalo ni kilo 150. Kwa nyumba yetu ya mfano hicho ni chakula cha siku 58, karibu miezi miwili. Wala hakuna mwizi aliyeingia, wala panya, wala moto. Amejiibia mwenyewe mchana.

Ikiwa fedha zahitajiwa upesi, ni afadhali kuuza kuku, mbuzi, asali au karanga, kuliko kuuza chakula cha Februari.

4. Kulinda kilichotengwa

Haifai kitu kutenga magunia kumi ikiwa wadudu watakula matatu. Wazee walijua fukusi, lakini mdudu mbaya kuliko wote ni mgeni. Dumuzi, ambaye wakulima wengine humwita Scania, alitoka Amerika ya Kati. Hapa Tanzania alitambuliwa mwaka 1981 katika Mkoa wa Tabora, upande wa Urambo, ambao ni jirani zetu kabisa. Hutoboa punje hata ikawa unga, na hutoboa mihogo mikavu, hata mbao za ghala. Mahindi yaliyoachwa na maganda yake darini hayamshindi.

Fuata taratibu hizi:

(a) Vuna mahindi yakiisha kukauka shambani, wala usiyaache yakapigwa na wadudu kwa muda mrefu. Yaanike juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu.

(b) Jaribu ukavu wake kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko. Tia punje mpaka theluthi ya chupa, kisha tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu. Funga, tikisa vizuri, acha kwa muda wa dakika 15, kisha tikisa tena. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi ni mabichi bado, yarudishe juani. Isiposhika, yafaa kuwekwa.

(c) Pukuchua, pepeta, uondoe punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zenye ukungu. Mahindi yenye ukungu yasiliwe, yasipikiwe pombe, wala yasipewe mifugo. Ukungu huo huweza kuwa na sumukuvu, ambayo haitoki kwa kupikwa. Mwaka 1916 babu zetu hawakuijua kwa jina, lakini mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na sababu yake ilijulikana wazi.

(d) Weka katika mifuko ya tabaka tatu, ile iitwayo kinga njaa. Ina mifuko miwili ya plastiki ndani na mmoja mgumu wa kusukwa nje. Jaza, kandamiza hewa itoke, kisha funga kila mfuko peke yake kwa kamba imara. Wadudu waliomo humaliza hewa na kufa, wala hapana haja ya dawa. Kabla ya kuujaza, jaza hewa katika mfuko wa plastiki na uukandamize, usikie kama watoa pumzi mahali palipotoboka.

(e) Panga mifuko juu ya kichanja au mbao, mbali na ukuta, mahali pasipo panya. Usiufungue mfuko kila siku. Fungua mmoja, uumalize, ndipo ufungue wa pili.

Mbegu nazo zina hesabu yake. Mbegu za kuchavushana zenyewe, kama Staha, TMV-1 na Situka, zaweza kuchaguliwa shambani na kupandwa tena, ila zitoke katikati ya shamba, kwenye mimea yenye afya. Lakini mbegu chotara haifai kurudiwa: mavuno yake hupungua sana. Mtu arudiaye chotara aokoa bei ya mbegu na kupoteza magunia.

5. Kuuza ziada kwa mizani

Ziada uiuze kwa uzito, si kwa macho. Gunia lililojazwa likafungwa kilemba juu yake ndilo lumbesa, na sheria ya vipimo haimruhusu mtu kufungasha mazao ya shamba kupita kilo 100 kwa gunia. Kila lumbesa ni madebe kadhaa uliyolima, ukapalilia, ukavuna, kisha ukayatoa bure. Wakulima wa kijiji kimoja wakichanga na kununua mizani moja, gharama yake hurudi upesi.

Pia kuna utaratibu wa stakabadhi ghalani, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005. Mkulima hupeleka mazao katika ghala iliyoidhinishwa, hupewa stakabadhi, na mazao huuzwa kwa mnada. Hutumika kwa mazao ya biashara kama korosho na ufuta. Mwenye kutaka kuutumia, na aulize katika chama chake cha msingi ni makato gani yatakayotozwa, kabla ya kupeleka gunia la kwanza.

6. Mambo ya jikoni

Nyumba hujengwa jikoni, na jikoni ndiko inakobomokea. Mambo madogo ya kila siku, yakizidishwa mara 365, huwa makubwa.

Dona na sembe. Mahindi yakikobolewa, sehemu yake njema huenda na pumba. Anayekula dona hula mahindi yake yote, naye hupata nguvu zaidi. Lakini dona haikai muda mrefu kama sembe, kwa sababu ya mafuta ya kiini. Basi saga kidogo kidogo, ya juma moja au mawili.

Maharage. Yaloweke tangu jioni, yapikwe kesho yake. Huiva upesi, na kuni huokoka. Funika chungu daima. Kuni ziwe kavu, zilizopasuliwa ndogo, na jungu likiisha kuiva toa vijinga uvizime. Jiko banifu la udongo hula kuni chache kuliko mafiga matatu ya wazi, na mtu aweza kulijenga mwenyewe. Kila mzigo wa kuni uliookolewa ni safari moja ya mama aliyopunguziwa, na ni mti mmoja wa miyombo uliobaki kwa ajili ya nyuki.

Mboga. Wakati wa mvua majani ya kunde, matembele, kisamvu na mlenda ni mengi hata hutupwa. Yakaushe kivulini, uyaweke katika chombo kikavu. Mwezi wa Septemba, wakati bustani ni kavu, utayashukuru.

Kitoweo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika ni chakula chema, nao husafiri wakavu mpaka vijiji vya mbali. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikikaa, uvuvi hupungua na bei hupanda. Basi nunua wakati wa giza, ununue kwa wingi kidogo, uanike tena nyumbani. Mwaka 2024, tangu tarehe 15 Mei mpaka tarehe 15 Agosti, uvuvi katika upande wa Tanzania wa ziwa hili ulisimamishwa ili samaki wazaane. Katika miezi kama hiyo debe la dagaa wakavu nyumbani ni mali. Karanga na maharage vikiwekwa vizuri hufanya kazi hiyo hiyo.

Muhogo. Kila nyumba iwe na kipande cha muhogo, hata kama ni kidogo. Muhogo hungoja ardhini bila ghala na bila mfuko, nao ndio ukopeshao pasipo riba.

7. Fedha za msimu

Mwenye tumbaku ana shida ya peke yake. Fedha zake huja kwa mkupuo, baada ya mikopo ya pembejeo kukatwa, na tumbaku hailiwi. Mkulima aliyepanda tumbaku shamba zima bila mahindi hana budi kununua kila kijiko cha unga. Basi kanuni ya kwanza ya mkulima wa tumbaku ni kulima chakula chake mwenyewe.

Mji wa Mpanda wenyewe watufundisha jambo hili. Reli ya tawi kutoka Kaliua ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mgodi wa risasi, na kazi ya mgodi ikaleta fedha na watu. Mwaka 1960 mgodi ule ulifungwa. Fedha ya mgodi ilikoma, lakini mashamba yaliyolimwa kuzunguka mji yaliendelea kulisha watu mpaka leo.

Fedha zikipatikana, zigawe siku ile ile, kabla ya kwenda dukani. Zitengwe kwa utaratibu huu: kwanza deni, ili lisizae, pili mbegu na mbolea za msimu ujao, tatu mambo ya shule na matibabu, nne kifaa kiletacho faida, kama mzinga, jembe la kukokotwa na ng'ombe au baiskeli ya kubebea mazao, tano ndipo nguo mpya na furaha. Mtu asiseme kwamba furaha imekatazwa. Imewekwa mahali pake tu, nayo huwa tamu zaidi ikiwa haina deni nyuma yake.

Kuhusu shule, tangu Januari 2016 ada ya shule za msingi na sekondari za serikali mpaka kidato cha nne iliondolewa. Lakini sare, madaftari na viatu vyataka fedha, na shule hufungua Januari, mwezi ule ule ghala ipwayapo. Nunua vitu hivyo Julai. Mtoto asikae nyumbani kwa sababu ya kaptura.

Kuhusu mbolea, tangu msimu wa 2022/2023 serikali ilirudisha ruzuku kwa wakulima walioandikishwa. Ruzuku hupunguza bei, haiiondoi. Asiyekuwa na fedha mwezi wa Novemba, ruzuku humpita mlangoni.

Andika matumizi katika daftari la kawaida. Kurasa mbili zatosha kwa kila mwezi: kulia kilichoingia, kushoto kilichotoka. Asiyejua kuandika na amtume mtoto wa shule, au atie alama za mkaa ukutani, alama moja kwa kila debe litokalo ghalani. Wahenga wamesema, mali bila daftari hupotea bila habari.

8. Kikundi cha hisa

Ni vigumu mtu mmoja kukaa na fedha nyumbani. Ndugu atakuja na shida, na mwenyewe atatamani. Kwa hiyo vikundi vya kuweka akiba vina faida kubwa. Utaratibu wa vikundi hivi ulianza Niger mwaka 1991 kati ya wanawake wa vijijini, kisha ukaenea Afrika. Watu 15 hadi 30 wanaojuana hukutana kila juma, hununua hisa, na fedha huwekwa katika sanduku lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu mbalimbali, wala sanduku halifunguliwi ila mbele ya wote.

Mashauri yetu ni mawili. La kwanza, kikundi kiandikishwe, kama itakavyo sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018, ili kikidhulumiwa kiwe na pa kusemea. La pili, angalieni sana mwezi wa kugawana. Vikundi vingi hugawana Desemba kwa ajili ya sikukuu, na fedha ya mwaka mzima huisha kwa juma moja. Gawaneni mwanzoni mwa Novemba, mbegu na mbolea zinaponunuliwa. Fedha ile ile, ikitoka mwezi mmoja mapema, huwa mavuno badala ya kuwa karamu.

9. Mambo ya kukumbuka

Pima debe, ujue nyumba yako yala kiasi gani kwa mwaka.
Tenga chakula kwanza, ndipo uuze ziada.
Weka mahindi yaliyokauka, katika mifuko isiyopitisha hewa.
Uza kwa mizani, ukatae lumbesa.
Loweka maharage, funika chungu, kausha mboga.
Gawa fedha siku izipatapo mkononi, na deni litangulie.
Andika kila kitu, na mume na mke wasome pamoja.

Mkulima asiyeyaelewa maneno haya na amwendee Bwana Shamba wa kata yake, akichukua chupa yake ya chumvi na hesabu ya madebe yake. Waonane kabla ya mwezi wa Juni, wakati ghala ingali imejaa. Ikiisha kuwa tupu, mashauri yote huwa maneno tu.